Kupe aliyemwambukiza ng'ombe wako ameshaanguka

Juma hili nimeambiwa tena na mfugaji kwamba mtamba wake hawezi kuwa na ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, kwa kuwa alimkagua mwili mzima na hakumkuta kupe hata mmoja. Mtamba mwenyewe, chotara, alikuwa na homa ya nyuzijoto 41, mitoki (tezi) imevimba chini ya masikio, na anapumua kwa taabu. Siku tatu zilikuwa zimepotea kwa ajili ya imani hiyo, nami nimechoka kuona mifugo ikipotea nayo.

Tangu maambukizi hadi homa hupita wiki moja hadi tatu, ilhali kupe wa masikio, yule wa kahawia, hushiba na kuanguka baada ya siku chache tu. Aliyeleta vimelea yuko majanini, anajigeuza kuingia hatua inayofuata ya maisha yake au anataga mayai.

Linaloniudhi zaidi ni kauli ya "kupe ni kupe". Kupe wa masikio hubadili mnyama mara tatu maishani: lava, yaani kupe mchanga aliyetoka yaini, hunyonya na kuanguka, tunutu, yaani hatua ya kati, hunyonya na kuanguka, kisha kupe mpevu hupanda mnyama mwingine. Vimelea vya ndigana kali vinavyonyonywa na lava huambukizwa na tunutu, na vile vinavyonyonywa na tunutu huambukizwa na kupe mpevu. Havipiti katika mayai, kwa hiyo lava aliyeanguliwa leo hana ndigana kali. Kupe wa bluu ni kinyume chake, kwani hukaa juu ya ng'ombe mmoja tangu lava hadi upevu, na jike huwarithisha watoto wake vimelea vya ugonjwa wa mkojo mwekundu kupitia mayai. Tena kupe wa masikio haambukizi mara tu anapouma: vimelea hukomaa katika tezi zake za mate baada ya siku kadhaa za kunyonya, ndiyo maana mahali penye ndigana kali nyingi ng'ombe huogeshwa kwa dawa ya kupe mara mbili kwa wiki. Ndigana baridi nayo ni ugonjwa mwingine wa kupe, lakini huletwa na bakteria, na hata sindano iliyodunga ng'ombe wengi huieneza.

Ninaposhauri kuogesha ng'ombe wa asili, hapo nasita. Ndama wao wanaokutana na kupe mapema wengi huugua kidogo na kupata kinga. Nikiamuru josho kila wiki, kisha fedha za dawa zikaisha, nitakuwa nimeacha kundi zima la ng'ombe wakubwa wasio na kinga mbele ya kupe walewale. Kwa chotara sisiti: nashauri chanjo ya ndigana kali na josho pamoja, ingawa najua kwamba chanjo hiyo ni vimelea hai, na aliyechanjwa anaweza kubaki navyo mwilini na kuwaambukiza kupe wanaomnyonya.

Mtamba yule alidungwa buparvakuoni, dawa ya ndigana kali, siku ya nne ya homa, mapafu yakiwa yamekwisha kujaa maji. Alikufa usiku uleule.