MP3 haina sauti? Tunabishania kitu sicho

Mimi kazi yangu ni kuwekea watu nyimbo kwa flashi na memori kadi hapa Busia upande wa Uganda, na kila wiki lazima aje mtu wa kusema "hii ni MP3 haina sauti, nipe orijino," yaani faili iliyobanwa ndo iwe ndogo eti sauti yake ni mbovu. Naipenda hii kazi ndo maana inaniuma watu wakibishania vitu sivyo alafu kile kinachoua muziki kweli kinapita tu.

Ya kwanza: eti MP3 yoyote ukiisikia tu unajua imebanwa. Hapana jamani. Ni kweli imepunguzwa tena sana, sidii (CD) inatumia kilobiti 1,411 za data kwa sekunde, wimbo wa dakika 4 unakula kama MB 42, ukiubana kwa kilobiti 320 unabaki MB 9.6, kwa 128 ni MB 3.8 hivi. Lakini kinachotupwa kimechaguliwa. Uko Old Taxi Park Kampala, kondakta anaita abiria karibu na sikio lako, mwenzako akikunong'oneza hapo hapo humsikii ingawa sauti yake ipo hewani. Ndani ya wimbo ni vile vile, sauti kubwa inaifunika ndogo iliyo jirani, na hiyo ndogo ndo inapunguziwa nafasi.

Kuna dijei mmoja kijana alinibishia kibandani, 320 yeye anaitambua hata usingizini. Nikachukua wimbo kutoka sidii yake mwenyewe, nikatengeneza MP3 ya 320, nikasawazisha volumu (hii usiisahau, kilicho juu kidogo tu sikio linakiona kitamu zaidi), nikampa hedifoni nzuri. Anasikiliza A, anasikiliza B, alafu X ambayo ni moja kati ya hizo mbili, programu ndo inachagua, hata mimi sijui ni ipi. Mara 16. Mtu anayebahatisha kupata 12 au zaidi inatokea chini ya mara 4 kwa 100. Alipata 9. Tukashuka mpaka 96, akapata zote 16, kwa hiyo masikio yake ni mazima kabisa. Kwa 128 hapo katikati inategemea wimbo, na programu iliyobana.

Nyingine, eti besi ndo inafichua. Besi kwa MP3 ni kazi rahisi, kinachoisumbua ni pigo kali la ghafla. Wahandisi wa Ulaya hujaribu na kastaneti (vibao vidogo vya kugonganisha mkononi), sisi tuna amadinda, zile mbao za kupiga kwa vijiti, na ensaasi, yaani kayamba za kutikisa. MP3 inakata sauti vipande vipande, na makosa ya kipande yanasambaa kipande kizima, hata kabla ya pigo lenyewe. Weka amadinda kwa 64 usikilize: kabla kijiti hakijagusa mbao kuna ka "fss" kadogo, na ensaasi zinageuka kama maji yanamwagika kwa mabati. Hata sauti ya mtu peke yake ni ngumu. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa Wajerumani waliotengeneza MP3, aliijaribu na Tom's Diner ya Suzanne Vega, mwanamke anaimba bila chombo chochote, na mwanzoni iliharibika vibaya.

Sasa hii ndo kubwa: eti faili ikiandikwa 320 basi ni safi. Nilifungua flashi ya yule dijei, nyimbo kibao zimeandikwa 320, tukaangalia picha ya masafa (inaonyesha sauti kuanzia besi chini mpaka zile nyembamba juu), juu ya Hz 11,000 kweupe, kama imekatwa na kisu. Mtu alikuwa na faili ya 64, akaigeuza 320 ndo ionekane kubwa. Kilichotupwa hakirudi, faili inanenepa tu. Na wimbo huo huo pengine ulitolewa kwa video, ukabanwa, ukaingia kwa miksi, ukabanwa tena, kila mara unapoteza kingine, alafu ukifika kwa spika lawama zote anabeba MP3.

FLAC, aina nyingine ya faili, yenyewe inabana bila kutupa kitu, wimbo unarudi vile vile ulivyokuwa. Kwa kusikiliza ndani ya taxi huihitaji. Ila ukienda kijijini kurekodi mzee anapiga adungu (kinubi chetu cha nyuzi), tafadhali hifadhi kwa WAV, faili isiyobanwa, au FLAC, MP3 za kugawia watu utazitoa hapo kila ukitaka.