Bahari kuwa mlangoni hakufanyi akwariamu ya maji chumvi iwe bure

Jumamosi niko Ngamiani, hapa Tanga, nanunua hosi, simu inaita, namba ngeni. Jamaa mstaarabu, katoa salamu zote, kauliza mpaka habari za nyumbani, halafu anashusha: "Kaka, nimeambiwa we ndo fundi wa matangi ya maji chumvi. Nataka lile kama la pale Raskazone, lenye matumbawe. Bajeti yangu laki 6. Maji si tunayo, samaki si tunao, we niuzie kioo na pampu tu."

Huyu ni wa 4 tangu Ramadhani iishe, na maneno ni yaleyale, bahari ipo, samaki wapo, pesa ya nini. Nilimjibu kwa ukali kidogo, kaka kama unasoma hapa nisamehe, ila hili jambo linaniumiza kwa sababu mwisho wake naujua, mwisho wake ni mimi kuitwa saa 3 usiku kuangalia samaki waliolala ubavu na mtoto wa mwenye nyumba analia pembeni.

Tuanze na hayo maji ya bure.

Mimi mwenyewe natumia maji ya bahari, sijayakataa. Chumvi ya kuchanganya inatoka nje, lita 1 inataka kama gramu 35 hivi, ukipiga hesabu ya tangi la lita 250 linalobadilishwa lita 25 kila wiki unakula zaidi ya kilo 3 na nusu kwa mwezi, na hiyo ni chumvi maalumu sio ile ya mawe ya kutia kwenye mboga. Kwahiyo ndio, bahari inaokoa hela. Lakini maji gani, ya wapi, ya siku gani? Kuna mzee mmoja kule Sahare, mtu wangu kabisa, alichota madumu 4 ufukweni wakati wa masika, mvua imepiga siku 3 mfululizo, akabadilisha maji kama nilivyomfundisha. Kesho yake ananipigia, "Mwanangu, hawa samaki wamepinduka." Naenda na rifraktomita yangu, kile kipimo cha chumvi, dumu lililobaki linasoma 24, yaani kama gramu 24 za chumvi kwa lita. Ishirini na nne! Bahari yenyewe huko nje ni 35. Sasa mtu anashangaa, maji si ya bahari? Ndio ni ya bahari, ila Sigi na Mkulumuzi zote zinamwaga kwenye ghuba yetu, mvua ikinyesha yale maji matamu yanaelea juu ya maji chumvi na wewe dumu lako unachota juu, pamoja na tope na mbolea ya mashambani na kila kilichooshwa njiani.

Kwahiyo mimi nachota hivi: bamvua, maji yamejaa kabisa, natoka na mtumbwi mpaka maji yawe ya buluu, sichoti pembeni ya bandari, na masika sichoti kabisa natumia akiba. Nayapitisha kwenye soksi ya kuchuja, nayaweka kwenye pipa lenye kifuniko gizani na jiwe la hewa linapuliza siku kadhaa, napima chumvi, napima fosfeti inayolisha mwani, ndio yanaingia kwenye tangi. Mwenye mtumbwi namlipa 15,000, bajaji ya kurudisha madumu 6,000, natoka mara 2 kwa mwezi. Hiyo ni 42,000, na sijahesabu nusu siku yangu. Hayo ndio maji ya bure.

Kuhusu kuyalaza gizani niseme ukweli, hapo nina mashaka. Kuna wanaoshika kwamba maji ya bahari yatumike ndani ya saa chache kabla vijidudu vyake havijafa na kuoza, na kuna wanaotaka yalale wiki mpaka vyote vife na vitulie. Nimefanya yote mawili, yote mawili yamewahi kunifaa na yote mawili yamewahi kunichafulia tangi. Nimebaki na kulaza kwa sababu inanipa muda wa kupima, basi.

Halafu kosa lingine linalozaliwa na hayo maji ya bure. Tangi linapungua maji kila siku, sasa mtu anajazia maji ya bahari maana ndiyo anayo. Jamani, kinachopaa ni maji, chumvi inabaki! Chukua tangi la lita 250 lipoteze lita 5 kwa siku, kwa joto la hapa na feni juu yake ni kawaida tu, ukijazia maji ya bahari unaongeza gramu 175 za chumvi kila siku. Wiki 2 umetoka 35 umefika karibu 45, na hujagusa kitu kingine chochote. Unajazia maji matamu, na sio ya bomba moja kwa moja, maji ya mashine ya RO, ile ya kuchuja maji mpaka yabaki matupu, maana ya bomba yana klorini na fosfeti na silika na baada ya mwezi kioo chote ni mwani. Mashine ya RO nayo inamwaga, ili upate lita 1 safi zinaondoka 3 au 4, hizo mama anafulia, usizitupe.

Sasa niende kwenye kinachonichosha zaidi kuliko vyote, Luku, yaani umeme.

Mtu anaponiambia bajeti yangu laki 6 anamaanisha laki 6 halafu basi, kama ananunua kabati. Tangi sio kabati. Tangi ni kama kuongeza mtu ndani ya nyumba, mtu asiyelala, anakula umeme saa 24. Piga nami hesabu, tangi la lita 250 la kawaida kabisa: pampu ya kurudisha maji tangini wati 40, pampu 2 za mawimbi jumla wati 20, skima, yaani mashine ya kutoa uchafu kwa povu, wati 15, hivyo vyote havizimwi usiku na mchana. Taa wati 100 kwa saa 8. Hapo tu ni uniti 2.6 kwa siku, 78 kwa mwezi. Ukiongeza chila, yaani mashine ya kupoza maji, ya wati 250 inayofanya kazi saa 10 kwa siku, unafika uniti 153.

Mtu anasikia 78 anasema si kitu, uniti kwangu ni mia na ishirini hivi, ni elfu 9 na kitu. Hapana! Hiyo bei unaipata kwa sababu nyumba yako inatumia chini ya uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka unahamishwa kundi, na uniti inakuwa mia tatu hamsini na kitu, na sio uniti za tangi peke yake, uniti zote, za friji, za tivii, za pasi. Nyumba iliyokuwa inatumia uniti 60 kwa 7,300 hivi, sasa inatumia 138 na inalipa karibu 49,000. Ukiweka chila unakaribia 76,000. Tangi lenyewe bila chila lina uniti 78, maana yake hata ungekuwa unaishi gizani limeshakuvusha. Hakuna aliyewahi kuniuliza hili kabla ya kununua, hata mmoja. Wote wananiuliza baada ya mwezi wa pili, na kuna mama mmoja alidhani mita yake imeibiwa umeme na jirani, wakagombana mpaka kwa mjumbe, kumbe ni lile tangi la sebuleni.

Na chila unaweza usiweke? Hapa tunabishana sana na mafundi wenzangu wa Dar. Feni ikipuliza juu ya maji inashusha nyuzi 2 mpaka 3, lakini feni inapoozesha kwa kupaisha maji, na hewa ya Tanga Januari mpaka Machi imeshajaa unyevu, basi inashusha kidogo pale hasa unapotaka ishushe sana. Chumba kina 32, wewe unataka maji yawe 26 au 27. Samaki wengi watavumilia 30, matumbawe hayavumilii wiki nzima, yanapauka. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi nzima ilipopata joto matumbawe yalipauka na kufa huko huko baharini kwenye maji yasiyo na mwisho, itakuwa sebuleni kwako kwenye lita 250? Msimamo wangu ni huu: samaki peke yake, feni inatosha. Matumbawe, weka hela ya chila kwanza au usianze. Ila nakiri ninalo tangi 1 la matumbawe laini lina feni tu, mwaka wa 3 huu na linapendeza, na siwezi kukueleza kwa nini lile limekubali na jingine lilikataa ndani ya kiangazi kimoja.

Basi bajeti ninayoitaka mimi inaanzia mwisho. Usiniambie una shilingi ngapi leo. Niambie kila mwezi unaweza kutoa shilingi ngapi bila kugusa kodi, ada na mchele, halafu hiyo hela igawe nusu. Nusu ndio ukomo wako. Nusu nyingine inakaa pembeni kwa sababu pampu haifi mwisho wa mwezi mshahara ukitoka, inafa tarehe 19, na ya badala ipo Dar ikibahatika, isipokuwepo inatoka nje na ni wiki kadhaa. Ukubwa wa tangi unatoka kwenye huo ukomo, sio kwenye ukuta wa sebule.

Hapo wengi wanakimbilia tangi dogo, lita 40, wakiamini dogo ni rahisi. Bei ya kununua ndio ni ndogo. Lakini lita 40 ikipoteza lita 1 tu kwa siku chumvi inatoka 35 inakaribia 36 siku hiyo hiyo, ukisafiri kwenda Lushoto kwenye msiba siku 4 unarudi unakuta supu. Kwa anayeanza nasema lita 150 mpaka 250, kubwa linasamehe.

Na ndani ya hiyo hela, mimi natumia pale ambapo kikiharibika kinaua kila kitu: pampu ya akiba, rifraktomita nzuri na maji maalumu ya kuhakikisha inasoma sawa, pampu ya hewa ya betri maana umeme ukikatika usiku oksijeni ndio inaondoka kwanza. Nabana pale ambapo kikiharibika kinachukiza macho tu. Kabati la chini fundi wa hapa Ngamiani anakutengenezea vizuri sana. Kioo pia, ila silikoni simamia mwenyewe, ile yenye dawa ya kuzuia ukungu ni sumu na fundi anaipenda kwa sababu ya bafuni.

Saikoli siongei sana, ni kusubiri bakteria wazaliane wageuze sumu ya uchafu, amonia iwe naitraiti, naitraiti iwe naitreti, wiki 4 mpaka 6 bila samaki, mimi nimeona tangi likifika wiki 9, vumilia.

Samaki wa bure sasa. Ndio, wavuvi wakikujua watakuletea kangaja na kipepeo wazima kwenye ndoo. Mimi nilipokea kangaja mmoja mzuri kuliko wote niliowahi kuona, nikamtia tangini jioni ile ile bila karantini, siku ya 6 madoa meupe, siku ya 15 nimezika samaki 8. Yule wa bure ndio samaki ghali kuliko wote niliowahi kuwa nao. Tangi likabaki bila samaki siku 76 mpaka wadudu wa hayo madoa wafe, na Luku inakwenda vilevile. Halafu klaunifishi akitunzwa vizuri anapita miaka 20, kwahiyo unapomchukua jiulize huyo mtoto wako wa darasa la 1 atakuwa wapi.

Matumbawe ya kuvunja baharini usiniletee kabisa. Miamba yetu imekula baruti miaka mingi, hapo nje ndio kuna hifadhi ya silikanti, yule samaki wa kale, iliyotangazwa 2009, na bado mtu ananitumia picha ya jiwe hai, yaani kipande cha mwamba chenye viumbe wake, kwenye beseni ananiuliza nitanunua bei gani. Matumbawe magumu yote yapo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hayavuki mpaka bila kibali, na mimi nafuga vipande vilivyokatwa kwenye matangi ya wenzangu tu. Kuna usiku nakaa nayaangalia najiuliza kama hata hivyo ni sawa, kufungia kipande cha bahari kwenye kioo wakati bahari ipo dakika 10 kwa baiskeli. Sijaacha. Nikimuonyesha mtoto wa Makorora tumbawe linavyofungua mikono usiku, siku nyingine akisikia baruti imelia anajua kilichovunjika ni nini.

Kwahiyo kaka wa Jumamosi, laki 6 yako sijaikataa, itanunua kioo, mchanga, pampu na rifraktomita, tutaanza na samaki wachache na feni. Jumanne nikitoka Chumbageni napita kwako. Usinionyeshe pa kuweka tangi kwanza. Nitafutie risiti zako za Luku za miezi 3, tutaanzia hapo.