Je, wajua kwa nini korongo taji yuko hatarini kuliko korongo-nyangumi, ilhali ni wengi zaidi?

Kumwona korongo-nyangumi ni kazi. Unapanda mtumbwi alfajiri kwenye kinamasi cha Mabamba, karibu na Entebbe, kisha unangoja. Mwenyewe husimama kwenye mafunjo kama sanamu, na lile domo lake kama kiatu cha mbao, akimvizia samaki aitwaye kamongo apande juu kuvuta hewa. Wavuvi wa huko walimwona mkosi: ukikutana naye, siku hiyo hupati samaki. Kutoka Sudan Kusini hadi Zambia, wanakadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000 tu. Nasi Tanzania tunaye, kule Malagarasi.

Korongo taji hana mambo hayo. Yuko hata kwenye bendera ya Uganda. Utamkuta shambani akikanyagakanyaga nyasi ili panzi waruke awadonoe. Mwaka 2014 walikadiriwa kuwa kati ya 26,500 na 33,500.

Sasa fungua Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inayopanga viumbe kwa kiwango cha hatari ya kutoweka. Huyu mwenye maelfu mengi amewekwa daraja la walio hatarini kutoweka tangu 2012. Yule adimu yuko daraja moja chini yake! Hesabu gani hii?

Ni hesabu ya kasi. Orodha haiangalii tu wamebaki wangapi, inauliza pia wamepungua haraka kiasi gani. Mwaka 1985 korongo taji walizidi 100,000. Wakipungua zaidi ya nusu ndani ya vizazi vitatu, ambavyo kwa ndege huyu ni kama miaka 45, daraja hilo linawahusu.

Kilichomponza, kwa maoni yangu, ni ujirani na watu. Hutaga kwenye mabonde yenye maji, nayo yanakaushwa yalimwe. Hula mashambani, akakutana na sumu. Akiruka, nyaya za umeme. Na uzuri wake nao ni balaa: Rwanda, wanakomwita umusambi, alifugwa bustanini kama pambo, mabawa yamekatwa. Kuanzia 2014 wenye nyumba waliombwa wawatoe bila kuadhibiwa. Wazima wakapelekwa hifadhi ya taifa ya Akagera. Wasioweza tena kuruka wanatunzwa Kigali. Sensa ya 2017 ilipata 487, na idadi imepanda tangu hapo.

Korongo-nyangumi hana haraka ya kuongezeka: hutaga mayai mawili hivi, na kwa kawaida hukua kifaranga mmoja tu. Ila kule Mabamba, wavuvi sasa ndio wanaowapigia watalii kasia kwenda kumtafuta yule yule ndege wa mkosi.