Vimbunga na Pwani Yetu: Matukio Matatu Hayatoshi Kupima Hatari

"Pwani yetu haipigwi na vimbunga." Kauli hii huisikia kwa wavuvi, kwa makandarasi, hata kwa watu wanaopanga miji, na kila anayeitamka ana sababu. Kumbukumbu za vimbunga vilivyofika pwani ya Tanzania vikiwa na nguvu ni chache mno. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangamiza meli za Sultani Barghash na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Pemba ilinusurika, na baada ya hapo ndiyo ikawa tegemeo la karafuu. Aprili 1952 kimbunga kingine kikaikumba Lindi. Mei 2024 Hidaya kikafika Mafia.

Kutoka 1872 hadi 1952 ni miaka 80, na kutoka 1952 hadi 2024 ni miaka 72. Ni rahisi mtu kupiga hesabu akasema kingine basi hakiji mpaka karibu na mwaka 2100, akalala usingizi. Lakini vimbunga haviji kwa zamu. Ukiwa na matukio matatu tu huwezi kutambua kama mahali hapo pana usalama wa kweli au palibahatika kwa miaka 150. Kwa hiyo sisi tunaotafiti vimbunga kwa modeli za kompyuta tunajaribu kuhesabu hata vimbunga ambavyo vingeweza kuja na havikuja.

Tuanze na sababu ya uchache huo. Kimbunga hulishwa na bahari yenye joto la nyuzi 26.5 au zaidi, na joto hilo lazima lishuke mita 50 hivi kwenda chini. La juujuu halitoshi, maana mawimbi yatalikoroga na maji baridi. Kinataka hewa yenye unyevu mwingi, na pepo za juu zisipishane mno na za chini, la sivyo kinapasuliwa kabla hakijakomaa. Kisha kinahitaji msukumo unaotokana na dunia kujizungusha. Huo ndio unaoifanya hewa inayokimbilia kwenye mgandamizo mdogo izunguke badala ya kuingia moja kwa moja. Kwenye ikweta msukumo huo ni sifuri, na huongezeka kadiri unavyoiacha ikweta, ndiyo maana vimbunga ni nadra sana ndani ya nyuzi 5 za latitudo kila upande. Lamu na Mombasa ziko ndani ya ukanda huo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini, na Mtwara imeshavuka 10.

Kinga ya pili ni Madagaska. Vimbunga vingi vinavyotoka mashariki huishia kwenye milima yake au hukunja kuelekea kusini. Ila kaskazini mwa kisiwa hicho pana njia wazi. Kenneth kilipita huko Aprili 2019 na upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa, kikaipiga Komoro, kisha kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, umbali usiofika kilomita 200 kutoka mdomo wa Mto Ruvuma. Chido kilifuata njia hiyohiyo Desemba 2024 na kuiharibu vibaya Mayotte. Kwa mkazi wa Mtwara, vimbunga hivyo viwili vina maana kubwa kuliko miaka mingi ya utulivu, kwa sababu kupotoka kidogo tu kwa pepo zinazokisukuma kimbunga kungevileta kwake.

Sasa modeli. Hizi ni kanuni za fizikia za mwendo wa hewa, joto na unyevu, zinazokokotolewa katika vyumba vidogo vidogo vinavyoizunguka dunia yote, chumba juu ya chumba. Modeli nyingi zinazotumika kukadiria tabianchi ya miaka mingi ijayo zina vyumba vyenye upana wa kilomita 100 hivi. Jicho la kimbunga kwa kawaida lina upana wa kilomita 30 hadi 60. Ni kutega jarife ukitaraji kuvua dagaa. Modeli ya namna hiyo huonyesha kwamba bahari imepata joto na pepo zimekaa vizuri, ila kimbunga chenyewe hukionyesha kikiwa kipana na dhaifu kuliko kilivyo.

Njia mojawapo ya kulitatua hili iliendelezwa na Kerry Emanuel wa chuo cha MIT, Marekani. Modeli kubwa hutoa mazingira tu: joto la bahari, unyevu, pepo. Kisha mtafiti hutawanya mbegu za vimbunga, maelfu kwa maelfu, kila mahali baharini. Nyingi hufa kwa kukosa joto au kwa kupasuliwa na pepo. Chache zinazoishi hufuatwa na modeli ndogo yenye uwezo wa kuona jicho na upepo unaolizunguka. Mwishowe mtafiti hahesabu tena vimbunga vitatu. Anahesabu ni vingapi kati ya maelfu vilipita karibu na Kilwa, na kwa upepo wa kiasi gani. Vimbunga hivyo vya kompyuta havikubaliwi hivihivi. Hulinganishwa kwanza na vile vya kweli vilivyopimwa, na visipolingana, modeli ndiyo inayorudi mezani.

Jibu la hesabu hizo hutolewa kama uwezekano, na hapa wengi hupotea. Tuseme, kwa mfano tu, tumekadiria kwamba upepo wa kiwango fulani hufika mahali fulani mara moja katika miaka 100. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, hata kama upepo huo ulifika mwaka jana. Daraja lililojengwa kudumu miaka 50 litakuwa na uwezekano wa karibu asilimia 40 wa kukutana nao. Mhandisi anayeambiwa asilimia 40 hujenga tofauti na yule aliyeambiwa "mara moja katika karne."

Je, ongezeko la joto duniani litatuletea vimbunga vingi zaidi? Ripoti ya mwaka 2021 ya IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, haisemi hivyo: idadi yao duniani huenda isiongezeke, hata ikapungua. Kinachotarajiwa kuongezeka ni sehemu ya vile vikali sana, na mvua inayotoka ndani yake. Kila nyuzi moja ya joto huiwezesha hewa kubeba takriban asilimia 7 zaidi ya mvuke. Mimi naihofia mvua kuliko upepo. Freddy, kilichozaliwa karibu na Australia Februari 2023 na kuivuka Bahari ya Hindi yote, kilipofika kusini mwa Malawi kilikuwa kimeshapoteza sehemu kubwa ya upepo wake. Malawi haina pwani. Hata hivyo vilima vya Blantyre viliporomoka juu ya nyumba, zaidi ya watu 600 wakathibitishwa kufa na mamia wengine hawakuonekana tena.

Hidaya nacho kina somo ambalo natamani kila mkazi wa pwani alishike. Kusini mwa ikweta vimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kwa hiyo kikija kutoka mashariki, upande wake wa kaskazini upepo hutoka nchi kavu kwenda baharini, na upande wa kusini hutoka baharini ukisukuma mawimbi na mawingu kuelekea pwani. Jicho lilielekea Mafia, lakini barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika wilayani Kilwa, kusini zaidi, ambako ardhi ilikuwa imeshashiba maji ya masika. Ukisikia kimbunga kinaelekea kaskazini yako, usishushe pumzi.

Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa huwa na mistari miwili ambayo watu huiruka: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari zinazoweza kutokea. Mstari wa kwanza hautokani na kubahatisha. Kituo cha Ulaya cha utabiri, kwa mfano, huendesha modeli yake mara 51, kila mara kikibadilisha kidogo hali ya mwanzo, kwa sababu hatujui kila kinachoendelea angani sasa hivi. Njia zote 51 zikikaribiana, uwezekano ni mkubwa. Zikitawanyika, ni mdogo. Aprili 2021 Jobo kilielekea kwetu, kikanyong'onyea karibu kabisa kabla ya kufika nchi kavu. Kuziacha boti bandarini kwa sababu yake kulikuwa uamuzi sahihi kwa kilichojulikana siku ile. Uwezekano ukiwa wa wastani na athari zikiwa kubwa, mvuvi asitweke tanga.

Udhaifu wetu mkubwa ni uhaba wa vipimo. Mwaka 2022, baada ya dhoruba Ana na Batsirai kuzipiga Madagaska, Malawi na Msumbiji, watafiti wa World Weather Attribution, kundi linalochunguza mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika hali mbaya ya hewa, waligundua kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza mvua, ila hawakuweza kusema kwa kiasi gani, kwa kuwa vipimo vya mvua vya eneo hilo vilikuwa na mapengo mengi mno. Sehemu ya mapengo hayo yanaweza kuzibwa. Mashamba ya mkonge, misheni, shule na bandari nyingi za pwani zilipima mvua kwa mkono na kuandika kila asubuhi. Ukijua yalipo madaftari ya aina hiyo, kwenye stoo ya shule au ofisi ya shamba la zamani, yafikishe ofisi ya hali ya hewa iliyo karibu yapigwe picha na kuingizwa kwenye kompyuta. Hata yakiwa yameliwa na mchwa pembeni yanafaa, mradi tarehe na milimita au inchi zinasomeka.