Chaplin Hakutembea Mbiombio

Juma lililopita, baada ya onyesho, mtazamaji mmoja alinieleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto, kwamba watu wa sinema bubu, akina Charlie Chaplin, hukimbiakimbia kama kuku kwa sababu kamera za wakati ule zilikuwa duni. Nimelisikia dai hilo mara nyingi mno, na leo ninalijibu kwa maandishi ili nisilazimike kulijibu tena mlangoni.

Kamera hazikuwa na kosa. Mpiga picha alizungusha mpini kwa mkono, kwa kawaida mizunguko 2 kwa sekunde, na kila mzunguko ukapitisha fremu 8, yaani picha 8 mojamoja za filamu. Ndiyo asili ya ile kasi ya fremu 16 kwa sekunde. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, kasi ililazimika kuwa moja isiyoyumba, kwa maana sauti ikiharakishwa huwa nyembamba na sikio halidanganyiki, na iliyochaguliwa ni fremu 24. Filamu iliyopigwa kwa 16 ikiendeshwa kwa 24, tukio la sekunde 60 humalizika kwa 40. Wa kulaumiwa ni aliyewasha projekta.

Laiti mambo yangeishia hapo. Wanaonikera zaidi ni waliokwisha kujifunza hayo, kisha wakaishika namba 16 kama hirizi. Mkono wa binadamu si saa: mpiga picha huyohuyo aliweza kuharakisha au kupunguza katika filamu moja, na mara nyingi alifanya hivyo makusudi, hasa katika vichekesho, ambako alizungusha polepole ili mbio za polisi zionekane za kichaa. Wenye kumbi nao walionyesha filamu kwa kasi kuliko ilivyopigwa, na waongozaji, wakilijua hilo, walipiga picha wakiwa wamekwisha kulipigia hesabu. Sasa kasi sahihi ni ipi: ya kamera, au ile ambayo mwongozaji alitarajia ukumbini?

Wapo wanaojaribu kuokoa hali kwa kurudia kila fremu ya pili ili 16 zitimie 24. Matokeo yake ni mwendo wa kwikwi, na sina zaidi la kusema juu yake.

Mimi, ninapotafuta kasi ya kuonyeshea filamu, hutazama vitu visivyoigiza. Katika filamu ya D. W. Griffith ya mwaka 1920, *Way Down East*, mwigizaji Lillian Gish amelala juu ya pande la barafu mtoni, mkono na nywele zake vikiburuzwa majini. Ukiharakisha kidogo tu, maji hurukaruka kama yanayochemka, na hatari yote hugeuka mchezo. Ukipunguza kupita kiasi, mto huwa mzito kama uji. Katikati yake pana nafasi ya fremu mbili tatu, na humo hakuna kipimo kinachonisaidia isipokuwa jicho.

Nalo jicho hukosea. Niliwahi kupunguza kasi ya kichekesho kimoja kwa kuheshimu namba, na mtu aliyepigwa teke akaanguka kama mgonjwa anayelazwa kitandani, ukumbi mzima ukiwa kimya. Tangu siku hiyo vichekesho huvianzia 20, kisha ninapanda mpaka teke liume. Kimoja kilichopo mezani sasa nimekiacha kwenye 22, ingawa jana nilikuwa na hakika kwamba ni 21.