Kuzuia damu kuvuja katika upasuaji wa kujenga upya uso na shingo

Saratani ya taya au ya ulimi ikishaondolewa, mara nyingi pengo linalobaki haliwezi kushonwa likafunga. Huwa tunachukua ngozi ya mkono au mfupa mwembamba wa mguuni pamoja na mishipa yake ya damu, kisha tunaiunga mishipa hiyo na ile ya shingoni. Upana wake ni kama milimita 1 hadi 3, kwa hiyo tunashona chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

Ugumu ni kwamba damu isivuje, na wakati huohuo isiache kupita kwenye nyama iliyopandikizwa. Kisu cha umeme, kifaa alichobuni mwanasayansi William Bovie, kisha daktari wa upasuaji wa ubongo Harvey Cushing akakitumia mjini Boston mwaka 1926, hufunga mishipa kwa joto, lakini joto hilo husambaa. Karibu na mshipa tunaoutegemea mimi sikitumii. Nashika koleo la umeme, ambalo mkondo wake hupita kati ya ncha zake mbili tu. Vijitawi vya mshipa navibana kwa klipu za titani, zisizotoa joto lolote. Kuna pia kisu kinachotetemeka takribani mara 55,000 kwa sekunde, kinachokata na kufunga kwa pamoja. Kwenye misuli ya shingo kinaokoa muda sana, ila ncha yake hubaki ya moto hata ikishazimwa, hivyo isiguse neva.

Kabla ya kufunga tunaweka mirija ya kunyonya damu, mbali na maungio ya mishipa.

Damu ikijikusanya shingoni hubana kwanza vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, maana kuta zake ni laini. Nyama iliyopandikizwa huvimba na kuwa ya zambarau. Ukiichoma sindano, hutoka damu nyeusi haraka. Bonge hilohilo la damu laweza kuziba njia ya hewa. Ndiyo sababu muuguzi humkagua mgonjwa kila saa siku ya kwanza, hata usiku wa manane. Mgonjwa akirudishwa mapema chumba cha upasuaji, nyama hiyo mara nyingi huokolewa.

Kabla ya upasuaji, mtajie daktari dawa zote unazotumia: aspirini, warfarini (dawa ya kuzuia damu isigande), hata vidonge vya kitunguu saumu. Usiziache kwa uamuzi wako, kwani mwenye vali bandia ya moyo akiacha warfarini anaweza kupata kiharusi. Nanyi mnaomuuguza, mkiona shingo inavimba au anapumua kwa shida, mwiteni muuguzi papo hapo.