Nitrati ya bitiruti si uzito wa unga

Mwezi huu nimemsikia tena mkimbiaji akijigamba kwamba anameza miligramu 1,000 za nitrati kila asubuhi. Nilipoomba kuona kopo lake, maandishi yalisema: vidonge viwili, unga wa bitiruti, mg 1,000. Nitrati haikutajwa popote.

Nitrati, iliyomo ndani ya bitiruti, ni atomu moja ya nitrojeni iliyoshikana na tatu za oksijeni. Bakteria walioko juu ya ulimi huigeuza kuwa nitriti, nayo nitriti mwilini huwa oksidi ya nitriki, ambayo hutanua mishipa ya damu na kuipunguzia misuli mahitaji ya oksijeni. Ndiyo maana anayesukutua kwa dawa ya kuua vijidudu vya kinywa huipoteza faida hiyo kwa kiasi kikubwa.

Jina la nitrati lenyewe lina historia ya kuhamahama. Wagiriki walisema nitron na Waarabu natruni, na walichokuwa wakikitaja ni magadi, yale yale tunayotia kwenye maharage yaive upesi. Jina hilo bado limebaki katika Ziwa Natron. Baadaye, huko Ulaya, jina likahamia kwenye shura, chumvi ya kutengenezea baruti, na mwaka 1790 mwanakemia Mfaransa Chaptal akaliunda neno nitrojeni kutokana na shura hiyo. Magadi yenyewe hayana nitrati, kwa hiyo makande hayatamwongezea mtu mbio.

Sasa turudi kwenye kopo. Kiasi kinachopendekezwa kwa wanamichezo ni takriban miligramu 310 hadi 560 za nitrati yenyewe, saa mbili au tatu kabla ya mashindano. Tuseme unga ule una nitrati asilimia 2: vidonge viwili vitatoa miligramu 20, na ili kufikia kiwango cha chini kabisa ingembidi ameze vidonge 31. Hata asilimia hiyo haitabiriki, kwa kuwa hutegemea udongo, mbolea na msimu. Bidhaa 24 za bitiruti zilipopimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, zilitofautiana mno, na hata sampuli za bidhaa moja hazikulingana.

Basi, ndugu yangu, kopo lisipotaja nitrati, ukiulizwa unatumia kiasi gani, sema tu "miligramu 1,000 za unga wa bitiruti". Hapo utakuwa umesema kweli.